Skonzi Nilizooka Nikiwa Eda

Aliyenikosa wiki jana nampa kwa kifupi tu, maana sina nguvu ya kulia mara mbili kwa jambo moja.

Mume wangu Bakiri aligongwa na lori barabara ya kwenda Rosettenville, akafia palepale. Mimi Mwatumu, mzaliwa wa Tanga, nikabaki na binti yangu Bushra kwenye nyumba ya mama mkwe hapa Mayfair, Johannesburg. Nikakaa eda. Mwenye eda hatoki, hajipambi, wala hagusi manukato. Kazi yangu ikawa kuswali na kuukodolea macho ukuta.

Wifi yangu Mayasa, dada wa marehemu, alikuwa anaosha vyombo kwenye mgahawa wa chai kule kaskazini mwa mji, kwa mama mmoja wa Kiingereza anayeitwa Madam Daphne. Pale wazee wa Kizungu wanakuja alasiri kunywa chai kwenye vikombe vya maua, na chai yao haishuki bila skonzi za krimu. Ni vimkate vidogo vitamu, laini, vimepasuliwa juu, vikapakwa jamu na kujazwa krimu mpaka inachungulia nje. Mwokaji wao akaondoka. Mayasa akaniletea skonzi moja iliyokauka, akaniuliza, "Wifi, hii unaiweza?" Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu nifiwe.

Nikaoka mimi, akapeleka yeye. Kila siku baada ya swala ya alfajiri nakanda unga, jua likipanda Mayasa anabeba makasha. Eda ikaisha. Nikavaa baibui langu zuri, nikapanda taxi, daladala za huku, mpaka kwa Madam Daphne kwenda kujitambulisha. Ukutani nikakuta picha kubwa. Mayasa kavaa aproni nyeupe, kashika trei ya skonzi zangu, na chini pameandikwa kwamba huyo ndiye mwokaji wa nyumba hii.

Hapo ndipo nilipoishia. Sasa shikeni moyo.

Kabla sijaingia jikoni, mjue kwa nini roho yangu ilikuwa juu. Siku niliyotolewa eda, mama mkwe, Bi Zuhura, aliniita kwenye mkeka wake.

"Mwatumu, mwanangu, umekaa eda vizuri, Mungu akulipe. Lakini nyumba ni ndogo na mimi ni mzee. Ukipata kazi na pa kulala, mchukue mwanao uende naye. Usipopata, nitakutafutia nauli urudi kwenu Tanga. Bushra atabaki huku kwa baba zake."

"Abaki na nani, mama?"

"Na yeyote kati yetu atakayekuwa na kazi na chumba. Mtoto anasoma hapa, hawezi kuvurugwa."

Nikakubali. Nikakubali mbele ya watu, kwa mdomo wangu, tena kwa kiburi, kwa sababu nilijua Madam Daphne anatafuta mwokaji wa kudumu, na nyuma ya mgahawa kuna chumba cha mwokaji chenye mlango wake na bomba lake. Skonzi ni zangu, kazi itakwenda kwa nani? Mayasa alikuwa kakaa pembeni anamenya vitunguu. Alisikia yote.

Basi nikaingia jikoni.

"Wifi," nikamwambia, "ile picha ya ukutani ni ya nini?"

Mayasa alikuwa anafuta sahani. Hakushtuka hata kidogo.

"Picha ya kazi."

"Kazi ya nani?"

"Sasa ulitaka nimwambie nini Mzungu wa watu? Kwamba mwokaji wangu kakaa ndani, hatoki, haonekani, nisubirini mpaka siku zake ziishe? Angenielewa?"

"Ungemwambia wifi yako anaumwa."

"Angetafuta mzima."

"Haya, eda imekwisha. Twende ukamwambie sasa hivi."

Akaiweka sahani chini taratibu.

"Mwatumu, unga nilikuwa nabeba mimi. Kwenye taxi nakaa mimi na yale makasha mapajani, watu wananisonya. Krimu ikianza kulegea kwa joto nakimbia mimi. Siku mkono wako ulipovimba nikakanda mimi wiki nzima, wewe umekaa kitandani unaniambia kanda hivi, kanda vile. Zako kivipi?"

Mtu anakuibia, halafu anakusomea hesabu ya jinsi alivyochoka kubeba.

Madam Daphne akatokea mlangoni. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mvi zake kazibana vizuri. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini hasira ilinipa ufasaha. Nikamwambia, "Madam, hizi skonzi naoka mimi. Huyu anazileta tu."

Akamtazama Mayasa. Mayasa akainamisha macho kama mtoto wa madrasa.

"Ni wifi yangu, Madam. Msiba umemvuruga."

Nilitamani ardhi inimeze, na immeze yeye kwanza. Lakini Madam hakuwa mtu wa kelele. Akasema, "Mimi nimelelewa na bibi yangu kwa skonzi hizi. Zake hazikuwa na mbwembwe. Niliposhika ile ya kwanza Mayasa aliyoniletea, nilikaa nikalia. Ulimi wangu unaijua. Kesho kila mmoja wenu atakuja kuoka hapa jikoni kwangu, na mimi nitaonja. Anayeoka skonzi zangu nitamjua, na kazi na chumba ni vyake."

Nikatoka pale natabasamu. Nilikuwa nimeshinda kabla ya kuwasha oveni. Nani atanishinda kwa mkono wangu mwenyewe?

Jioni ile, magharibi imeshaswaliwa, Mayasa akanigongea chumbani. Macho mekundu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Wifi, nisamehe. Shetani alinipitia."

Nikaendelea kukunja mswala wangu.

"Kesho sitashindana na wewe. Nitakwenda kwa sababu Madam ameniita, lakini kazi ni yako, najua. Bakiri alikuwa kaka yangu. Nitamtazamaje huko aliko?"

Akanipa kitu kimezungushiwa gazeti. Nikafungua. Chupa ya arki ya mawaridi, maji ya maua ya kunukiza, ile nzuri, ya kwenye duka la Msomali.

"Umekaa muda wote huo hujanusa hata ua," akasema. "Skonzi zako za Tanga ulikuwa unanisimulia, mtu akipita nje ananusa tu anajua Mwatumu kaoka. Madam hajawahi kula mkono wako mzima. Kesho mwoneshe."

Nikamkumbatia, wasomaji wangu. Nikalia begani kwake. Nikamwambia nimekusamehe, damu ni damu. Mnicheke tu, nimeshajicheka mwenyewe nikachoka.

Niwaeleze kuhusu arki, mnielewe. Tanga, skonzi zangu zilijulikana kwa mawaridi. Kijiko kimoja kwenye unga, matone kwenye krimu, basi. Lakini mwenye eda hagusi harufu nzuri, na mama mkwe alikuwa mkali kwenye jambo hilo kuliko shehe. "Hata ya kwenye chakula," alisema, akaondoa arki, akaondoa vanila, akaondoa mpaka sabuni yangu ya kuogea. Kwa hiyo skonzi zote nilizompikia Madam Daphne zilikuwa za unga, maziwa, siagi, sukari, yai na hamira. Tupu. Mimi nilizionea haya. Kila nikifunika kasha nilikuwa najisemea, subirini nitoke eda, mtajua mlikuwa mnakula nini.

Kesho yake tukasimama meza mbili jikoni kwa Madam, mimi huku, Mayasa kule.

Nikapasha maziwa moto, yawe vuguvugu tu, nikatia hamira na sukari, nikaisubiri itoe povu. Nikakanda mpaka unga ukawa laini kama sikio la mtoto. Nikaufunika, ukaumuka. Wakati nasubiri nikainua macho kumwangalia mwenzangu.

Mayasa alikuwa anakanda kwa mikono yangu. Anausukuma unga kwa kisigino cha kiganja, anaukunja, anaugeuza robo, anausukuma tena. Vile vile nilivyomwambia, "Usiupige kama unagombana nao." Bakuli la krimu kaliweka kwenye friza kwanza, kama nilivyomwambia. Matonge kayapanga karibu karibu kwenye trei ili yakiumuka yabanane na ubavu ubaki laini, kama nilivyomwambia. Sikuwa na wifi pale, nilikuwa na kioo.

Sikuogopa. Nilikuwa na chupa yangu.

Skonzi zikatoka oveni. Tukazifunika kwa kitambaa zisikakamae juu. Zikapoa. Tukazipasua kwa juu bila kuzitenganisha, tukapaka jamu ya stroberi, tukajaza krimu, tukanyunyiza sukari ya unga. Za kwangu zilinukia jikoni lote. Mfanyakazi mmoja wa pale, msichana wa Kikongo anaitwa Falonne, akapita akavuta pumzi, akasema, "Mama, hii inanukia harusi." Nikamshukuru kwa kichwa. Mayasa alikuwa anapanga za kwake kwenye sahani.

Madam akakaa na marafiki zake wawili, vikongwe wenye lulu shingoni. Akaanza na ya Mayasa. Akauma. Akafumba macho. Akatafuna, akameza, akawaachia wenzake. Mmoja akasema, "Hii ndiyo yenyewe, Daphne."

Akachukua ya kwangu. Haikufika hata mdomoni. Akasimama nayo chini ya pua.

"Nini hiki?"

"Mawaridi, Madam. Ya kwetu. Onja."

Akaonja kidogo kwa meno ya mbele, kwa heshima tu. Akaiweka chini.

"Inanukia kama sabuni ya shangazi yangu," akasema. Vikongwe wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama wanavyocheka Waingereza, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

"Madam," nikasema, na sauti yangu nikaisikia inapanda. "Naweza kuoka bila arki. Nilikuwa naoka bila arki muda wote. Nilikuwa eda, dini inakataza, ndiyo maana hukuiona. Nipe unga nioke tena sasa hivi."

Alinitazama kwa huruma, na mimi huruma ya namna ile siitaki tena maishani.

"Mpenzi wangu," akasema, "aliyeniokea miezi yote hii asingehitaji kuoka mara ya pili. Angeijua skonzi yangu."

Maneno yake yalikuwa ya kweli na hukumu yake ilikuwa ya uongo, na mimi kwa Kiingereza changu cha sokoni sikuwa na uwezo wa kuvitenganisha. Nilitaka kumwambia kwamba kile kilichomliza siku ya kwanza, ule utupu wa bibi yake, ulikuwa msiba wangu mimi. Nilioka tupu kwa sababu nilikuwa nimefiwa. Nikafungua mdomo, yakatoka machozi.

Nikamfuata Mayasa nyuma, kwenye kile chumba. Alishakabidhiwa ufunguo. Alikuwa anajaribu swichi ya taa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini?"

"Kwamba Madam hapendi harufu."

"Kila mtu hapa anajua. Yule mwokaji wa kwanza alitia mdalasini, akaambiwa aondoke."

"Ukaniletea chupa."

"Nilikupa zawadi, wifi. Sikukushika mkono ukamimina."

Akazima taa, akawasha tena. Inafanya kazi vizuri.

"Usinune," akasema. "Mimi nimeosha vyombo vya watu tangu nije nchi hii. Wewe ulikuja ukakuta mume, ukakuta nyumba, ukakuta kila kitu. Zamu yangu nayo ifike. Nenda nyumbani ukapumzike, Madam atanileta kwa gari baadaye kuchukua vitu vyangu."

Nilirudi Mayfair kwa taxi sijui hata nilikaa siti ipi. Taa za barabarani, robot wanavyoziita huku, nyekundu, kijani, watu wanashuka, watu wanapanda, mimi najiuliza swali moja tu. Nitamwambia nini Bushra? Nitamwambiaje mtoto kwamba mama yake anarudishwa Tanga peke yake, kwa sababu ya kijiko kimoja cha maji ya maua?

Nikafika. Bushra alikuwa kakaa kibarazani, kavaa sare za shule na sweta, juu ya begi lililotuna. Begi la baba yake, lile kubwa.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao watoto waliozaliwa huku. "Tunahamia kwa Madam."

"Nani na nani?"

"Mimi na shangazi."

"Nani kakufungia hili begi?"

"Shangazi."

"Saa ngapi? Mbona yeye yuko kazini tangu asubuhi?"

"Siyo leo. Jana, ulipokuwa unaswali isha."

Nikakaa chini pale pale kwenye saruji. Jana. Machozi yake yalikuwa bado hayajakauka begani kwangu, naye yuko chumba cha pili anakunja magauni ya mwanangu.

Nikainuka, nikaingia kwa mama mkwe. Alikuwa kwenye mkeka na tasbihi yake.

"Mama, mnanichukulia mtoto."

"Hakuna anayekuchukulia mtoto. Tulikaa hapa, nikasema mwenye kazi na chumba. Wewe ukasema sawa. Au siyo wewe?"

"Kazi ni yangu. Ameniibia."

"Mwatumu." Hakunyanyua sauti. "Nilikuwa naamka nasikia unakanda. Najua nani alikuwa anaoka. Lakini Mzungu kamchagua Mayasa, na Mayasa ni mwanangu niliyemzaa. Unataka niende kule nikamtie mwanangu aibu, afukuzwe, wote tulale na njaa? Nauli yako nimeshaizungumza na wanaosafiri."

Basi. Alijua. Alijua na alikuwa anahesabu tasbihi.

Nikarudi kibarazani, nikapiga magoti mbele ya Bushra.

"Nisikilize. Hatuendi kwa Madam. Tutaondoka mimi na wewe, leo. Tukikosa kabisa, tutakwenda Tanga pamoja."

Akajivuta nyuma. "Sitaki Tanga, mama. Tanga simjui mtu. Kiswahili changu wananicheka hata hapa."

"Utakuwa na mimi."

"Shangazi amesema nisipokwenda naye nitaachishwa shule. Amesema nikifika kule nijibu vizuri nikiulizwa, basi kila kitu kitakuwa sawa, na wewe utakuja baadaye."

"Ujibu nini?"

Akaangalia viatu vyake. Sikupata jibu, kwa sababu gari lilisimama getini, gari dogo la kijani, na Madam Daphne akashuka na mwavuli wake. Mayasa akashuka upande wa pili. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona wifi yangu ana wasiwasi. Hakutegemea Madam ashuke.

Madam akanipungia mkono kwa upole, kama mtu anavyompungia mgonjwa. Halafu akamwona Bushra juu ya begi, na uso wake wote ukalainika.

"Mayasa," akasema, "huyu ndiye binti yako? Yule aliyefiwa na baba?"

Mayasa hakugeuka kunitazama. "Ndiye, Madam."

Ndipo nilipoelewa kwa nini chumba kilitolewa haraka vile. Hakuchukua skonzi peke yake. Alichukua na ujane wangu, akauvaa, akaenda nao kazini kila siku, na mimi nikiwa ndani nimejifungia naukalia.

"Bushra," nikasema kwa Kiswahili, polepole, asikose hata neno. "Mwambie mama yako ni nani."

Madam hakuelewa. Aliinama, akamshika mtoto kidevu, akamwonesha Mayasa kwa kichwa. "Mama yako ananiokea skonzi nzuri kuliko zote duniani, unajua hilo? Huyu ni mama yako, sivyo?"

Bushra akamtazama shangazi yake. Akanitazama mimi. Akashika mpini wa begi la baba yake kwa mikono miwili.

"Ndiyo, Madam," akasema.